Ujerumani, Denmark au ndege ya Kigali: ushike upande gani kwenye mjadala wa wahamiaji Ulaya?

Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, mada ya wahamiaji Ulaya ikiingia, usiku huo halali mtu. Shemeji wa Aarhus anasema Denmark ndio waliofanya la maana, wengine wakajifunze. Binamu wa Birmingham anasema Waingereza walikuwa na wazo zuri la kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda, majaji wakaliharibu. Mimi niko Ujerumani, kwa hiyo natarajiwa kuitetea Ujerumani. Nilichokuja kugundua ni kwamba kila mmoja wetu ana kipimo chake mfukoni. Shemeji anahesabu maombi ya hifadhi, binamu anahesabu boti, mimi nahesabu watu ninaokutana nao kazini. Kwa mtindo huo hatuwezi kuelewana hata tukibishana mwaka mzima.

Makala hii ni ya yule aliyekwama katikati: mwanafunzi wa mdahalo, raia mpya mwenye kura mkononi, ndugu anayetaka kusafiri, au msomaji tu aliyechoka kusikia kwamba "Ulaya inatuchukia" na "Ulaya imevamiwa" ndani ya saa moja. Naweka njia tatu mezani na kuzipima kwa vipimo vilevile.

Niseme mapema nilipokaa. Kazi yangu ni ukalimani. Nakaa kati ya ofisa na Mkongo, Mrundi, wakati mwingine Mbarawa. Naona watu, sioni sana yule mpiga kura ambaye darasa la mwanawe limebadilika ndani ya muhula mmoja. Huyo naye ana haki ya kusikilizwa.

Vipimo

Cha kwanza ni mlangoni: aliyefika leo anakutana na nini, na anasubiri jibu kwa muda gani. Cha pili ni idadi: je, wanaofika walipungua, na walipungua kwa sababu ya sera hiyo kweli? Cha tatu ni gharama na sheria: nani alilipa, mahakama zikasema nini. Cha nne watu wengi hukiruka, nacho ni miaka kumi baadaye: waliobaki wako wapi, na siasa za nchi zimeelekea wapi.

Ujerumani: pokea kwanza, panga baadaye

*Mlangoni.* Tarehe 31 Agosti 2015, Angela Merkel, chansela wa wakati huo, aliwaambia waandishi wa habari mjini Berlin maneno matatu, "Wir schaffen das", yaani tutaliweza. Usiku wa kuamkia 5 Septemba akakubali wakimbizi waliokwama Hungaria waje, na pale stesheni ya München watu wakasimama wakipiga makofi, wakigawa maji na vidoli vya watoto. Mwaka ule waliingia kama watu 890,000. Mgawanyo wa waombaji kwenye majimbo hufuata fomula inayoitwa Königsteiner Schlüssel: thuluthi mbili inatazama mapato ya kodi ya jimbo, thuluthi moja idadi ya wakazi wake. Mwombaji hachagui. Mwenye kaka Hamburg anaweza kujikuta kijiji cha Saxony.

Hiyo ndiyo sura iliyopigwa picha. Sura nyingine naiona mimi. Mapema mwaka 2022 mama mmoja wa Uvira aliweka mezani karatasi iliyokunjwa mara nne, ina mstari mwekundu uliokatiza kimshazari. Karatasi hiyo inaitwa Duldung. Neno lenyewe maana yake ni kuvumiliwa, na kila nikilitafsiri naona aibu kama vile ni mimi niliyelitunga. Kisheria linasema hivi: ombi lako limekataliwa, unatakiwa kuondoka, ila kwa sasa hatuwezi kukuondoa. Linasogezwa mbele miezi mitatu, au sita. Yeye alikuwa kwenye mwaka wa tano. Ofisa alipotoka kwenda kutoa kopi, aliniuliza: "Niambie basi, ninunue kabati ao niache?" Nguo zake na za watoto wawili zilikuwa bado kwenye mabegi.

*Idadi.* Maombi yalifika kama 745,000 mwaka 2016, kwa kuwa waliofika 2015 wengi waliandikishwa mwaka uliofuata. Mwaka 2017 yakashuka hadi kama 223,000. Wanaoisifu Ujerumani husahau sababu. Njia ya kupitia nchi za Balkani kutoka Ugiriki ilifungwa, na tarehe 18 Machi 2016 Umoja wa Ulaya ukakubaliana na Uturuki iwazuie watu wasivuke kwenda visiwa vya Ugiriki, kwa ahadi ya hadi euro bilioni 6 kwa ajili ya wakimbizi waliopo Uturuki. Mlango wa Ujerumani ulibaki wazi kwa sababu geti la nje lilikuwa na mlinzi wa kulipwa.

*Gharama na sheria.* Haki ya hifadhi imo kwenye katiba yenyewe, kifungu cha 16a, kwa hiyo hakuna chama kinachoweza kuifuta kwa hotuba. Serikali hulipia kozi ya saa 600 za lugha na 100 za historia, sheria na maisha ya nchi. Ni fedha nyingi, na manispaa zinalalamika kwa haki: wilaya ndogo isiyo na nyumba wala walimu haiwezi kuzitengeneza kwa mwezi mmoja. Baada ya mtu kuua watatu kwa kisu mjini Solingen mnamo Agosti 2024, akiwa ni mwomba hifadhi aliyetakiwa kurejeshwa Bulgaria, serikali iliweka ukaguzi kwenye mipaka yote ya nchi kavu kuanzia 16 Septemba.

*Miaka kumi baadaye.* Hapa Ujerumani ina hoja nzito kuliko wengine. Taasisi ya utafiti wa ajira, IAB, ilionyesha kwamba kati ya waliofika 2015 wakiwa na umri wa kufanya kazi, asilimia 64 walikuwa kazini mwaka 2024. Wastani wa nchi nzima ni kama asilimia 70. Lakini tazama ndani ya namba: wanaume 76, wanawake 35. Ukiniuliza kwa nini, nitakutajia chekechea isiyo na nafasi kabla sijataja mila ya mtu.

Upande wa siasa bei imekuwa kubwa. Chama cha AfD, kilichoanzishwa 2013 kwa ajili ya kupinga sarafu ya euro, kiligeukia wahamiaji, kikaingia bungeni 2017 kwa asilimia 12.6, na Februari 2025 kikashika nafasi ya pili kwa 20.8. Anayesema mapokezi ya 2015 hayakuhusika hasemi kweli. Anayesema ni hayo tu, naye amesahau kwamba ngome ya chama hicho ni majimbo ya mashariki, ambako wageni ni wachache kuliko magharibi.

*Inamfaa nani?* Anayeamini kwamba mgeni apimwe kwa anachokuwa, si kwa alivyoingia, na aliye tayari kulipa gharama mwanzoni na kuvumilia vurugu ya siasa. Haimfai anayetaka jibu la haraka. Ujerumani jibu la haraka haina.

Denmark: wachache, na kwa muda

*Mlangoni.* Januari 2016 bunge la Denmark lilipitisha sheria ya kuruhusu mwomba hifadhi achukuliwe mali inayozidi kroner 10,000, isipokuwa vitu kama pete ya ndoa. Mwaka 2019 ikaja zamu ya mabadiliko makubwa zaidi: hata aliyethibitishwa kuwa mkimbizi apewe kibali cha muda, na lengo liwe kurudi kwao, siyo kukaa. Januari 2021 Waziri Mkuu Mette Frederiksen alitamka kwamba shabaha ni waomba hifadhi sifuri. Huyu ni wa chama cha Social Democrats, chama cha vyama vya wafanyakazi, siyo wa mrengo wa kulia. Msomaji wa Afrika Mashariki akikosa hilo ataisoma Denmark vibaya.

Mwaka huohuo Wasyria kutoka eneo la Damascus waliambiwa kwao kumetulia. Ila Denmark haikuwa na ushirikiano na serikali ya Assad, rais wa Syria wakati huo, kwa hiyo haikuweza kuwarudisha kwa nguvu. Waliofutiwa vibali wakatakiwa kwenda kwenye vituo vya kusubiri kuondoka, bila tarehe, bila ruhusa ya kazi. Ni Duldung kwa jina lingine. Machi 2022 sheria maalumu ikawapa Waukraine ruhusa ya kuishi na kufanya kazi mara moja, na ile sheria ya mali ikawekwa kando kwao. Nawapongeza kwa walivyowapokea Waukraine. Wanapofundishwa kwamba jambo haliwezekani, watu wa Damascus wana haki ya kuonyesha kidole kwenye mwaka huo.

*Idadi.* Maombi yalikuwa kama 21,000 mwaka 2015. Mwaka 2024 yalikuwa kama 2,300. Ni mteremko mkubwa, ingawa Sweden nayo ilishuka sana miaka hiyo. Swali la haki ni hili: aliyekwepa Denmark alikwenda wapi? Huenda wengi waliishia kwa majirani. Sera ya nchi moja ndogo ya kujifanya isiyovutia hufanya kazi madhali jirani mkubwa hajaiga.

*Gharama na sheria.* Denmark ina msamaha wa kutofuata sehemu kubwa ya sheria za pamoja za Umoja wa Ulaya kuhusu hifadhi, ndiyo maana ina nafasi ya kufanya ambayo Ujerumani haina. Hata hivyo sheria za nyumbani zimewabana viongozi wake: Inger Støjberg, waziri wa uhamiaji aliyesherehekea sheria yake ya 50 ya kubana kwa picha ya keki, alihukumiwa siku 60 jela Desemba 2021 kwa kuamuru kinyume cha sheria kwamba wanandoa waomba hifadhi wenye mmoja aliye chini ya umri watenganishwe bila kutazama kesi ya kila mmoja. Nchi inayomfikisha waziri wake hapo ina mahakama hai, na hilo linastahili heshima.

Kinachonisumbua zaidi ni sheria za 2018 kuhusu mitaa iliyoitwa ghetto, na sasa "jamii sambamba". Mtaa huangukia huko ukiwa na umaskini, uhalifu au elimu duni pamoja na wakazi zaidi ya nusu wenye asili "isiyo ya Magharibi". Mtaa ule ule ukiwa na shida zile zile na wakazi wenye majina ya Kidenish, unapata jina lingine. Mtoto wa huko lazima aende kituo cha malezi saa 25 kwa wiki tangu akiwa na mwaka mmoja, la sivyo wazazi wanakatwa posho. Nyumba za umma za kupangisha familia pia ziliuzwa au kubomolewa. Wakazi wa Mjølnerparken, Copenhagen, walifika hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya.

*Miaka kumi baadaye.* Hoja kuu ya shemeji ni hii, na siidharau. Chama cha Danish People's Party kilipata asilimia 21.1 mwaka 2015, 8.7 mwaka 2019, na 2.6 mwaka 2022. Chama cha wafanyakazi kilichukua mada, kikawatoa wapinga wageni pumzi, na kikalinda hospitali, shule na pensheni ambazo Wadenmark huzilipia kodi kubwa kwa sababu wanaaminiana. Mpinzani wake anajibu kwamba chama kilipungua lakini mawazo yake yakahamia ofisi ya waziri mkuu. Nadhani wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo.

*Inamfaa nani?* Anayeona kwamba dola ya ustawi ni kama chama cha kuweka na kukopa, kisichoweza kuingiza wanachama wapya haraka kuliko michango. Haimfai anayeamini kwamba mtu aliyethibitishwa kuwa mkimbizi anastahili kupanga maisha yake kuanzia siku hiyo.

Uingereza: apelekwe kwingine

*Mlangoni.* Mpango ulitiwa saini Kigali tarehe 14 Aprili 2022. Hapa watu wengi nyumbani walielewa vibaya. Aliyetua pwani ya Kent kwa boti ya mpira hakuwa anapelekwa Rwanda kusubiri jibu la Uingereza. Ombi lake lingesikilizwa na Rwanda, na akikubaliwa angekaa Rwanda. Tarehe 14 Juni 2022 ndege ilikuwa tayari kwenye uwanja wa kijeshi wa Boscombe Down. Orodha ikapungua mmoja mmoja mahakamani, hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilipoingilia usiku huo na ndege isiruke.

*Idadi.* Walioingia kwa boti ndogo walikuwa zaidi ya 45,000 mwaka 2022, rekodi, ingawa mpango ulishatangazwa. Mwaka 2023 walikuwa kama 29,000, na upungufu ulitokana hasa na Waalbania baada ya makubaliano ya kuwarejesha kwao. Mwaka 2024 wakapanda tena kufikia karibu 37,000. Binamu anajibu kwamba dawa haikunywewa, huwezi kusema haikutibu. Ni kweli: hakuna hata mmoja aliyepelekwa kwa nguvu.

*Gharama na sheria.* Wanne walikwenda, kwa hiari. Serikali ya Labour ilipoufuta mpango Julai 2024 ilisema jumla iliyotumika ni pauni milioni 700, kati yake milioni 290 zikilipwa Rwanda. Mahakama ya Juu, tarehe 15 Novemba 2023, iliamua kwa kauli moja kwamba mpango si halali, kwa sababu kulikuwa na hatari ya mtu kurudishwa alikokimbia. Haikusema Rwanda ni nchi mbaya ya kuishi. Aprili 2024 Bunge likajibu kwa sheria iliyotamka kwamba Rwanda ni salama na kuwafunga majaji mikono wasilichunguze hilo upya. Kwangu hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko ndege yenyewe.

Rwanda nayo isichekwe. Tangu 2019 inawapokea pale Gashora, wilaya ya Bugesera, watu waliookolewa kwenye magereza ya Libya, kwa kushirikiana na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Tofauti ni kwamba wa Gashora waliondolewa palipo pabaya. Lakini picha ya vitanda vilivyotandikwa Hope Hostel, Kigali, nyumba iliyowahi kuwapa makazi vijana yatima wa mauaji ya kimbari, vikingoja wageni waliokuwa hawataki kuja, iliniumiza.

Italia imejaribu jambo linalofanana, kwa tofauti kwamba ombi linabaki la Kiitalia. Oktoba 2024 iliwapeleka wanaume 16 kwa meli hadi Shëngjin, Albania. Siku chache baadaye, baada ya uamuzi wa mahakama ya Roma, wote walikuwa wamerudishwa Italia.

*Miaka kumi baadaye.* Mpango haukufika hata mitatu. Kuna jambo moja tu la kujifunza. Wakati bunge linabishana kuhusu boti, ongezeko halisi la wahamiaji, yaani walioingia ukitoa waliotoka, lilipita 900,000 katika mwaka ulioishia Juni 2023, wengi wao wakiingia kihalali, hasa kwa viza za masomo, kazi na ulezi wa wazee, Wakenya wakiwemo. Boti ilikuwa sehemu ndogo ya hesabu na sehemu kubwa ya kelele.

*Inamfaa nani?* Anayeona kwamba safari ya boti yenyewe ndiyo uovu wa kwanza kukomeshwa, na kwamba bila kuondoa zawadi ya kufika hakuna kitakachowazuia wasafirishaji. Siyo hoja ya kitoto: zaidi ya watu 30,000 wamekufa au kupotea Mediterania tangu 2014. Lakini mwenye hoja hii aeleze njia halali ya kuomba ni ipi. Wengi hawana jibu.

Kwa hali yako

*Unaandaa mdahalo.* Anza kwa kuuliza kipimo. Ukipewa upande wa Denmark, simama kwenye idadi na kwenye dola ya ustawi, usiende kwenye sheria za mitaa. Ukipewa Ujerumani, simama kwenye ajira ya 2024, na uwe tayari na jibu kuhusu AfD. Ukipewa Rwanda, usitetee sheria ya Aprili 2024. Tetea kuzuia vifo. Na kama mpinzani atakuambia Waafrika hawana la kusema, mkumbushe kwamba Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, na kwamba Tanzania iliwapa uraia Warundi wa 1972 kama 162,000.

*Una kura huko.* Usiangalie ahadi ya mwaka wa kwanza peke yake. Muulize mgombea: mtu aliyekataliwa hifadhi na asiyeweza kurudishwa kwao anafanyiwa nini? Ujerumani, Denmark na Uingereza wote wana watu hao, na hapo ndipo kila sera inapojificha.

*Wewe ni raia wa nchi inayoombwa kutia saini.* Kenya ilisaini na Ujerumani Septemba 2024 makubaliano ya kufungua njia za wafanyakazi wenye ujuzi pamoja na kuwarejesha Wakenya wasio na vibali. Mambo haya mawili husafiri pamoja siku hizi. Soma upande wa pili wa karatasi kabla ya kushangilia wa kwanza.

*Unataka kusafiri na umeambiwa "ukifika jilipue".* Ninawaona waliojilipua, yaani walioomba hifadhi kwa hadithi ya kutunga. Hadithi ya kununua huulizwa mara tatu, tarehe zikigongana imekwisha, na hakuna mkalimani wa kuinusuru. Kama una ujuzi au cheti, lugha ya ngazi ya kati (B1) uliyoisoma Nairobi au Dar itakufikisha mbali kuliko boti. Kama kweli umekimbia, sema yaliyokupata, hata yale usiyoyakumbuka vizuri useme huyakumbuki.

*Umeshakaa Ujerumani na unafikiria uraia.* Tangu 27 Juni 2024 sheria inadai miaka mitano badala ya minane, na huhitaji kuacha uraia wa zamani. Kwa Mkenya ni nafuu, katiba ya 2010 inamruhusu kuwa na pasi mbili. Mtanzania sheria ya kwao bado inamlazimisha kuchagua, kwa hiyo uamuzi wake ni mzito kuliko wa jirani, na asiuchukue kwa kuiga.

*Una karatasi yenye mstari mwekundu.* Usikae nayo kimya. Tafuta shirika la ushauri kwenye mji wako kabla ya tarehe ya kuisogeza mbele, nenda na kila barua, hata zile ambazo hukuzifungua. Sheria iliyoanza 31 Desemba 2022 iliwapa miezi 18 ya kibali cha majaribio waliokuwa wamekaa miaka mitano kufikia 31 Oktoba mwaka huo, wapate nafasi ya kutimiza lugha na kazi. Yule mama wa Uvira alikuwemo. Kabati alinunua kwenye duka la vitu vilivyotumika, lina milango miwili na kioo kimepasuka pembeni, na tulilipandisha watu wanne hadi ghorofa ya tatu.